Ngoma ya Mawifi: Albamu za Dodoma Zilizosifiwa Ulaya na Masikio Yetu ya Kisiwani



Mdogo wetu mmoja aliposwa na kijana wa Dodoma, mawifi walileta salamu njema: siku ya kumpokea mke wa kaka yao watakuja na ngoma yao ya muheme. Ili tusishtuke, wakatutumia kwenye simu albamu mbili, *Chibite* ya Hukwe Zawose na *Maisha* ya Zawose Queens. Wakaongeza kwa fahari kwamba muziki huu wa kwao umesifiwa mpaka Ulaya.

Jioni tukakaa na kahawa na kashata, tukasikiliza. Shangazi wa kwanza akauliza kama spika ya simu imeharibika, maana anasikia mvumo kama wa nyuki. Wa pili akasema sauti ni nzuri lakini maneno ya kushika yako wapi. Wasichana wakasema hauchezeki. Mtu akacheka, "Wazungu husifu chochote kisicho chao." Tukacheka sote isipokuwa bibi harusi. Yeye ndiye aliyekuwa anakwenda kuishi na watu wenye ngoma hiyo.

Kicheko kile ndicho kilichotufanya tuitafute historia ya muziki huu, na leo tunawaletea tuliyoyapata.

Wagogo ni watu wa uwanda wa kati, nchi kavu ya mtama, uwele na ng'ombe, ambako mvua ikikataa njaa huingia. Hukwe Zawose alizaliwa huko mwaka 1938, katika kijiji cha Doduma. Alipiga zeze, na alipiga ilimba, ala ya ubao yenye ndimi za chuma zinazochezwa kwa vidole gumba. Mwaka 1967 Rais Nyerere alimwalika Dar es Salaam, wakati taifa changa likitafuta sanaa zake lenyewe. Baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na familia yake ikaweka makao katika mji huo.

Mwaka 1985 kampuni ndogo ya London, Triple Earth, ilitoa albamu ya *Tanzania Yetu*. Mwaka 1996 ikaja *Chibite*, neno la Kigogo lenye maana ya "twende". Hii ilitolewa na Real World, kampuni iliyoanzishwa Uingereza na mwanamuziki Peter Gabriel. Mwaka 2002 ikafuata *Assembly*, aliyoifanya pamoja na Michael Brook. Hukwe akafariki Desemba 2003. Wahakiki wa nje walimhesabu miongoni mwa mabingwa wa Afrika, wakastaajabia sauti yake iliyoshuka chini kabisa kisha ikapaa juu, na namna sauti nyingi zinavyopandana bila kugongana.

Turudi sasa kwa shangazi zetu. Ule mvumo wa nyuki haukuwa spika mbovu. Mpiga ilimba huutaka; bila yeye mlio huonekana mkavu, kama biriani isiyo na zafarani. Na kuhusu maneno, sikio letu limelelewa na taarab. Sisi tunangoja beti, fumbo, na nani amepigwa kijembe. Ukitupa Kigogo tusichokijua, tunabaki tumeshika kikombe kitupu. Shangazi hawakuwa wajinga, ila waliusikiliza muziki wa watu wengine kwa mizani ya kwetu.

Lakini mhakiki naye ana mizani yake. Yeye anakaa na albamu, kazi iliyokatwa vipande vya dakika chache, ikapangwa, ikatiwa kwenye jalada. Anaipima kama kitu kamili. Watu wa Doduma waliujua muziki huu kabla ya albamu yoyote, kwa sababu ulikuwa na kazi ya kufanya.

Hapo ndipo bibi yetu mkubwa, aliyekuwa amenyamaza muda wote, alipotushangaza. Ilikuwa zamu ya *Maisha*, ngoma zimechanganya. Akauliza, "Wanaopiga ni wanawake?" Tukamwambia ndiyo. Akasema, "Basi hiyo ni ngoma ya kumfunda mwali."

Hakuwahi kufika Dodoma, lakini alipata. Muheme ni ngoma za wanawake wa Kigogo. Ni ndefu, nyembamba kiunoni, na mpigaji huzibana katikati ya miguu. Asili yake iko kwenye mafunzo ya wasichana wanapovunja ungo. Kwa desturi, zeze na ilimba zilikuwa mikononi mwa wanaume, na wanawake wakaitikia, wakacheza na kupiga muheme. Hata kwa Wazawose, kwa miaka mingi wanawake walisimama nyuma ya wanaume jukwaani. Albamu ya *Maisha*, iliyotolewa na Real World mwaka 2024, ni ya Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake. Safari hii wanawake ndio waliotangulia mbele. Wahakiki wakaisifu hiyo pia, lakini bibi yetu alishaijua kazi ya ngoma ile bila kusoma sifa hata moja.

Aliijuaje? Kwa sababu nasi tuna historia hiyohiyo. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na dunia ikamshangilia kama nyota wa jukwaa. Mama zetu wengi walimjua kwanza kwa ngoma ya unyago, kama mwalimu wa wanawali, ndani, milango imefungwa. Kilichoitwa kipaji ugenini, nyumbani kilikuwa pia dawa ya mwili na adabu ya ndoa. Wako waliomsikia kwenye CD wakasema sauti ni ya kukwaruza. Aliyefundwa naye hakuisikia hivyo.

Na kabla yake, mwaka 1928, Siti binti Saad wa Fumba alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Walikuwepo waliombeza kwa asili yake. Waliompandisha ni watu wa kawaida waliokwenda kumsikiliza na kununua santuri zake katika pwani yote. Msikilizaji wa kawaida si wa kudharauliwa. Pengine yeye ndiye huanza kutambua thamani.

Wanazuoni wetu wana kauli zao juu ya ala za muziki, na katika hilo kila mmoja amuulize sheikh anayemwamini. Lakini iko habari moja katika Bukhari ambayo tumekuwa tukiirudia wiki hii. Bi Aisha (R.A.) alimpeleka bibi harusi kwa mume wa Kianswari. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kama hawakuwa na burudani yoyote, kwani Answari hupenda burudani. Tazameni swali lenyewe: linaangalia watu wa upande wa pili wanapenda nini. Bibi harusi anaingia kwa watu, na watu wana masikio yao.

Kwa hiyo hatuwaambii mpende kila kilichosifiwa London. Ukisikiliza *Chibite* na moyo wako usitikisike, hujakosa imani wala akili. Useme tu, "Sijauelewa." Neno hilo lina adabu na linaacha mlango wazi. "Kelele" ni neno la kufunga mlango, na ukilisema mbele ya wifi, mwaka wa tano wa ndoa bado utalikuta limekaa sebuleni.

Mdogo wetu alimpigia simu wifi mkubwa. Hakumuuliza kama ngoma ni nzuri au mbaya. Alimuuliza, "Dada, hiyo muheme inamwambia nini mwali?" Walizungumza muda mrefu, na tuliosikia upande mmoja tulimwona anacheka, kisha analia, kisha anacheka tena. Wakakubaliana: dufu na kasida mbele ya watu wote, muheme jioni ndani, wanawake watupu, bila simu wala kamera.

Tulikuwepo. Ngoma ile haikufanana na ile ya kwenye simu. Sakafu ilitetemeka, na waliopiga walikuwa mama watu wazima wenye mikono ya kazi, wakimtazama bibi harusi usoni. Shangazi wa spika mbovu alikaa kimya mpaka mwisho. Tulipotoka akasema bado hapendi ule mvumo wa ilimba, lakini hizi ngoma, akatikisa kichwa, hizi amezielewa.

Allah awajaalie mapenzi na masikilizano katika nyumba zenu. Na nyinyi mlioolewa mbali, ni ngoma gani ya ukweni iliyowashinda mwanzo, na leo mnaitamani?