Kifyatuko: Kilicho Chini ya Kitufe

Kifyatuko ni kiungo kilichofichika chini ya kitufe cha kibodi, kinachogeuza msukumo wa kidole kuwa ishara ya umeme. Mara nyingi huitwa swichi, jina la kiwashia taa ukutani, au humezwa na neno kitufe kana kwamba kifuniko na mtambo wake ni kitu kimoja. Touche ya Kifaransa, inayosikika katika ofisi za Bunia, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina kasoro hiyohiyo.

Kitufe kimetokana na tufe, kitu cha mviringo. Kinataja umbo tu. Kifyatuko kimetokana na fyatua, neno lenye mzizi wa ndani zaidi. Fyata ni kubana: mbwa hufyata mkia, mtu hufyata ulimi. Kiambishi -ua hupindua maana, kama funga na fungua, ziba na zibua. Kufyatua basi ni kuachia ghafla kilichobanwa, ndiyo maana mtego hufyatuka. Kifyatuo kina mzizi huohuo, lakini ni cha bunduki, na katika mji uliopitia vita kama Bunia hakifai kuletwa darasani.

Usahihi wa neno hili unaonekana katika kibodi ya IBM iitwayo Model F, iliyouzwa pamoja na kompyuta ya IBM PC mwaka 1981 ikiwa na vitufe 83. Chini ya kila kitufe mna springi iliyosimama wima. Kidole huibana, nayo hustahimili hadi kikomo, kisha hubenuka ubavuni kwa ghafla, hugonga ukuta wa kijumba chake na kupindua kinyundo kilicho chini yake. Mlio na mshtuko humfikia mchapaji wakati uleule herufi inaposajiliwa. Hataza ya mtambo huu, ya mwaka 1978, ni ya Richard Hunter Harris wa IBM. Model M ya mwaka 1985 ilibakiza springi, lakini kinyundo chake hubana tabaka za plastiki badala ya kubadili uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, kama kile cha Model F.

Kuuita mtambo huu "springi inayopinda" ni kutafsiri kamusi bila kufungua kibodi. Chuma hupinda hata polepole. Hapa kiini ni ule ughafla, na Kiswahili kilikwisha kuupa kitenzi.

Bunia inatoa ushahidi mwingine. Kifaransa ni lugha ya ofisi na Uganda ni jirani, hivyo mpangilio wa AZERTY hukutana na wa QWERTY. Katika Model M, kofia (yaani kifuniko) ya A ikibadilishana nafasi na ya Q, vifyatuko havisogei hata kidogo. Anayeita vyote viwili kitufe hawezi kueleza kilichohamishwa na kilichobaki.

Katika matumizi: kitufe kimefutika, badilisha kofia, kifyatuko kimekufa, tazama springi.