Makabati ya Darwin

Mwezi Julai 1844, Charles Darwin alimwandikia mkewe, Emma, barua ya kufunguliwa iwapo angekufa ghafla. Alikuwa na umri wa miaka 35. Alikuwa amemaliza mswada wa kurasa zipatazo 230 unaoeleza jinsi viumbe wanavyobadilika kwa uteuzi asilia. Katika barua hiyo alimwagiza Emma atenge pauni 400, atafute mhariri anayefaa, na ahakikishe kazi hiyo imechapishwa. Kisha akauweka mswada kando. Miaka miwili baadaye akaanza kuchunguza viumbe wadogo wa baharini wenye magamba, wale wanaong'ang'ania miambani na chini ya mashua. Alidhani wangemchukua miezi kadhaa, labda mwaka. Wakamchukua miaka minane.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha woga: Darwin aliliogopa kanisa, aliwaogopa wanasayansi wenzake, akajificha. Huenda hofu ilikuwepo. Lakini mimi kila nikiisoma barua ile namwona mtu aliyejua tofauti kati ya kuahirisha na kutelekeza. Anayetelekeza kazi haitengei fedha wala haiachii mrithi.

Nyumbani kwake Down, kijijini kusini mwa London, alikuwa na majalada makubwa kati ya 30 na 40, yamepangwa kwenye makabati yenye rafu zilizoandikwa majina. Ameyaeleza mwenyewe katika tawasifu yake. Alikuwa na mada kadhaa kwa wakati mmoja, na kila alipokutana na jambo lililohusu mojawapo, aliliandika na kulitia kwenye jalada lake papo hapo. Zamu ya mada ilipofika, alifungua jalada na kukuta akiba ya miaka ikimsubiri.

Ilibidi afanye hivyo, kwa sababu afya yake ilikuwa mbovu na saa zake zilikuwa chache. Katika miaka yake ya baadaye, kazi nzito aliifanya kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu asubuhi, kisha saa nne na nusu hadi saa sita mchana. Mtu mwenye saa tatu kwa siku hawezi kuandika vitabu vitano kwa mpigo. Mshika mbili, moja humponyoka.

Lakini Waswahili tunasema pia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Juni 1858 ilifika barua kutoka visiwa vya mashariki ya mbali. Aliyeiandika alikuwa Alfred Russel Wallace, na ndani yake mlikuwa na nadharia ileile, katika kurasa chache. Darwin alishtuka. Siku hizohizo mwanawe mchanga alifariki kwa homa. Rafiki zake ndio waliopanga kazi za wote wawili zisomwe pamoja mbele ya Linnean Society, London, tarehe 1 Julai. Na upande wa Darwin kilisomwa nini? Pamoja na sehemu ya barua aliyomwandikia rafiki mwaka 1857, ilisomwa sehemu ya mswada wa 1844. Karatasi zilizolala miaka 14 ndizo zilizomtetea. Novemba 1859 kitabu chake kuhusu asili ya spishi kilikuwa madukani.

Kuna jambo ambalo wanaotuhubiria subira hulipitia haraka. Darwin alikuwa na mali ya urithi, watumishi, na mke aliyemuuguza. Wallace aliishi kwa kukusanya ndege na wadudu na kuwauza. Kijana anayedaiwa kodi ya nyumba hawezi kuahirisha kwa utulivu wa bwana wa Down. Ila hata yeye anaweza kujifunza jinsi ya kuweka kitu kando: kukiandika hadi mtu mwingine aweze kukielewa, kukipa mahali pake, kisha kuamua kwamba leo si zamu yake. Wazo linalobaki kichwani tu halijaahirishwa. Linaendelea kula akili huku halisongi mbele.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa nyungunyungu. Darwin alisoma makala yake ya kwanza kuhusu kazi yao kwenye udongo mwaka 1837. Desemba 1842 vipande vya chaki vilitandazwa kwenye shamba karibu na nyumba yake, ili siku moja ionekane vimezama kiasi gani. Mtaro ulichimbwa mwishoni mwa Novemba 1871. Baada ya miaka 29, mstari mweupe ulikuwa inchi 7 chini ya ardhi. Kitabu cha nyungunyungu kilitoka 1881, miezi michache kabla hajafa. Kwa miaka yote hiyo, alipokuwa akishughulika na mambo mengine, nyungunyungu walikuwa kazini shambani.