Jinsi kompyuta inavyotambua mapigo ya moyo

Moyo unapopiga, hutoa umeme hafifu unaofika hadi kwenye ngozi. Mashine ya ECG huunasa umeme huo kwa vibandiko maalumu na kuuchora kama mawimbi. Wimbi lenye ncha kali kuliko mengine, ambalo wataalamu huliita QRS, huonekana pale vyumba vya chini vya moyo vinapochochewa kusinyaa. Kuhesabu mapigo, kwa hiyo, ni kuyahesabu mawimbi hayo.

Kwa kompyuta, kazi hiyo si nyepesi. Mgonjwa akijigeuza, mstari huyumba. Misuli ikitetemeka, au nyaya za umeme zikiwa karibu, huongezeka mawimbi yasiyotoka moyoni. Aidha, wimbi la T linalofuata QRS huweza kuwa kubwa hata likadhaniwa kuwa pigo jingine.

Njia mashuhuri ya kutatua tatizo hilo ilichapishwa mwaka 1985 na Jiapu Pan na Willis Tompkins wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Kwanza, programu yao huchuja ishara na kubakisha mawimbi yenye kasi inayolingana na QRS. Kisha hupima ukali wa mwinuko, huzidisha kila thamani kwa yenyewe ili vilele vikubwa vijitokeze zaidi, na hutafuta wastani wa kipindi kifupi cha milisekunde 150.

Kilele kinachovuka kizingiti huhesabiwa kuwa pigo. Kizingiti hicho hakigandi: hupanda na kushuka kadiri ishara ya mgonjwa inavyobadilika. Kilele kinachotokea kabla ya milisekunde 200 kupita tangu pigo lililotangulia hukataliwa, kwani moyo hauwezi kupiga upesi kiasi hicho. Pigo likichelewa kupita kiasi, programu hurudi nyuma na kutafuta tena kwa kizingiti cha chini.

Njia hiyo ilijaribiwa kwa hazina ya kumbukumbu za mapigo yasiyo ya kawaida iliyoandaliwa na chuo cha MIT na Hospitali ya Beth Israel ya Boston. Hazina hiyo ina kumbukumbu 48 za nusu saa kila moja, zilizokaguliwa na madaktari wa moyo. Programu ilitambua kwa usahihi asilimia 99.3 ya mapigo.

Hata hivyo, moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga mara 100,800 kwa siku. Kosa la asilimia 0.7 tu ni mapigo yapatayo 700. Pigo lililorukwa huweza kuonekana kama moyo umesita, na pigo la uongo huweza kuonekana kama moyo unakwenda mbio. Kengele za bure zikizidi, wauguzi huchelewa kuitikia ile ya kweli. Ndiyo maana kengele inapolia, mgonjwa mwenyewe hutazamwa kwanza, kisha mashine.