Kufunga mwamba wa pweza: daftari la mizani linavyoisaidia kamati

Kila mada ya kufunga mwamba inapokuja hewani, swali la kwanza ni hili: tukifunga, tutakula nini? Ni swali la haki, hasa kwa akina mama wanaochokoa pweza kwa miguu maji ya bamvua yanapokupwa.

Jibu lililopimwa kwa miaka mingi linatoka Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska. Mwaka 2004 wavuvi wa huko, wakishirikiana na watafiti, walifunga sehemu ya mwamba kwa miezi 7. Vijiji jirani navyo vikafuata.

Kwa nini pweza? Kwa sababu hukua haraka na huishi takriban mwaka mmoja tu. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake, kisha hufa. Mdogo akiachwa miezi 2 au 3, anarudi mzito.

Watafiti walilinganisha mavuno ya mara 36 za kufunga, kati ya 2004 na 2011. Mwezi baada ya kufungua, pweza waliotoka kwenye mwamba uliofungwa waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Kipato cha kijiji hakikushuka sana wakati wa kufunga, kwa kuwa kwa kawaida ilifungwa kama robo tu ya eneo la uvuvi.

Hapa kwetu, Kisiwa Panza, Pemba, ni miongoni mwa vijiji vinavyofunga mwamba kwa vipindi.

Kamati inayotaka kujaribu ianze na daftari kabla ya kufunga. Kila siku iandikwe tarehe, jina la mwamba, idadi ya wavuvi, idadi ya pweza na kilo. Bila hesabu ya kabla, hesabu ya baada haina cha kulinganishwa nacho.

Daftari lioneshe pia nani anavua wapi. Mkifunga mwamba wa karibu, mwenye chombo ataenda mbali, lakini anayetembea kwa miguu atabaki pwani. Akina mama wawepo mwamba unapochaguliwa.

Mwisho, kubalianeni mapema kuhusu ulinzi na siku ya kufungua. Wageni wakivamia siku hiyo, faida ya miezi 3 huondoka kwa bamvua moja.