Bi harusi anatutafuta kwa jina gani? Kutoka jina la kanga hadi Google



Sisi tunashona huku Oloipiri, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Kazi yetu ni abaya zenye shanga mikononi, na shanga zenyewe zinatungwa na kina mama wa Kimaasai, majirani zetu. Wateja tunaowataka wako mbali: Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa. Hakuna bi harusi wa Mjini Magharibi atakayepita mlangoni kwetu kwa bahati. Kwa hiyo suala la tovuti ya duka kuonekana mtu anapotafuta kwenye Google si anasa kwetu, ni riziki ya watoto.

Watu huona kazi hii ni ya vijana wa kompyuta. Lakini ukiifuata historia yake, utakuta mama zetu wa pwani waliijua zamani sana.

Jina la kanga

Katika karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na pwani walinunua leso za mraba zilizochapwa, wakaziunga sita pamoja kupata vazi moja. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza kitambaa kilichochapwa kizima. Ndipo kanga ikawa na pindo, mji, na baadaye jina, yaani yale maandishi. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini.

Kule Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa sana kwa kueneza maandishi hayo mwanzoni mwa karne ya 20. Kanga zake zilikuwa na alama: K.H.E. – Mali ya Abdulla.

Tuangalie alichofanya. Mwanamke akifika dukani hakuhitaji kueleza rangi na maua. Alitaja jina la kanga, muuzaji akaitoa rafuni. Na maneno yale yalikuwa ya wanawake wenyewe, yale wanayosemezana barazani na jikoni. Kisha alama ya mwenye mali ikamhakikishia mnunuzi imetoka kwa nani. Mambo mawili tu: neno analolitumia mteja, na jina la anayewajibika.

Mitambo ya kutafuta

Sasa twende kwenye kompyuta. Mwaka 1995 ulitoka mtambo wa kutafuta uitwao AltaVista. Mitambo ya wakati ule ilitegemea zaidi maneno yaliyoandikwa kwenye ukurasa. Wajanja wakagundua mlango: wakarudia neno moja mara mia, wengine wakaliandika kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe ili mtambo ulione na msomaji asilione.

Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikuja na njia nyingine na mwaka 1998 wakaanzisha kampuni ya Google. Wao waliangalia pia ni kurasa ngapi nyingine zinauelekeza msomaji kwenye ukurasa huo, na hizo zinazoelekeza zina uzito gani. Hapo sisi wanawake hatuhitaji mwalimu. Bi harusi akitaka mpambaji hasomi bango tu, anauliza shangazi, somo na mashoga. Na neno la somo aliyeoza wengi lina uzito kuliko la mpita njia.

Wajanja wakaigeukia njia hiyo nayo, wakaanza kuuza na kununua hizo sifa. Februari 2006 Google iliiondoa kwa muda tovuti ya BMW ya Ujerumani kwa sababu ya kurasa zilizotengenezwa kuhadaa mtambo. Kampuni kubwa kiasi kile! Februari 2011 yakaja mabadiliko yaliyoitwa Panda, yakashusha kurasa zenye maneno mengi yasiyo na faida. Aprili 2012 yakaja ya Penguin, yakashusha waliokuwa wakinunua viungo vya kuwasifia.

Waislamu tunaijua habari hii. Mtume (S.A.W) alipita sokoni, akatia mkono wake katika lundo la chakula, akakuta ndani kumelowa. Akamuuliza mwenye mali kwa nini hakukiweka juu kilicholowa watu wakakiona. Neno lililofichwa kwenye ukurasa ili kumvuta mteja halina tofauti na ile rutuba ya chini.

Loliondo 2011

Huku kwetu tuna somo letu. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa akigawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Watu wakaja kutoka pande zote za Tanzania, Kenya na kwingineko, magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Hakuwa na tovuti. Ilikuwa mdomo, simu, redio na magazeti.

Kijiji chenyewe ni Samunge. Lakini waliokuwa wakikiulizia walisema Loliondo, kikombe cha Babu. Angeandika Samunge peke yake, wangapi wangemfikia? Jina rasmi ni moja, jina linalotafutwa ni jingine.

Somo la pili ni zito zaidi. Wapo wagonjwa waliotolewa hospitali kupelekwa kule, na wapo waliofariki foleni kabla hata ya kufika. Kujulikana na kuwa kweli ni vitu viwili. Anayeonekana na watu wengi amebeba amana kubwa zaidi.

Kwa hiyo sisi tunafanya nini

Tunaandika maneno ya bi harusi. Wengine husema kanga, wengine khanga, Mombasa leso. Wengine abaya, wengine baibui au buibui. Yote tunayataja, lakini ndani ya sentensi zinazosomeka, kila moja mahali pake.

Kila nguo ina ukurasa wake, wenye kitambaa, vipimo, bei, na siku za kushona na kusafirisha kutoka huku. Kila picha ina maelezo, kwa sababu mtambo hauoni shanga kama jicho linavyoona.

Mahali tunataja pote: Oloipiri, Loliondo, Ngorongoro, Arusha. Asiyeijua Oloipiri anaijua Ngorongoro.

Picha tunazipunguza uzito. Tangu Aprili 2015 Google imekuwa ikizipa nafasi nzuri zaidi kurasa zinazofunguka vizuri kwenye simu mtu anapotafutia simuni, na mabiharusi wengi wanatafuta kwa simu, tena kwa bando la kupima.

Sifa hatununui. Nguo ikifika na ikampendeza, tunamwomba mteja aandike alichokiona, hata kama ni kwamba tulichelewa. Maoni matano ya kweli yanatutosha kuliko hamsini ya kutunga, maana bi harusi akidanganywa nguo ya nikaha hana wiki ya kusubiri nyingine. Siku yake ni moja.

Matokeo huja taratibu, miezi kadhaa, si usiku mmoja. Anayewaahidi nafasi ya kwanza kwa wiki moja mkae naye mbali.

Na nyinyi dada zetu mnaouza udi, hina, halua au mapambo, kabla ya kumlipa fundi wa tovuti chukueni daftari. Wiki nzima andikeni maneno yaleyale mteja anayoyatumia anapopiga simu kuulizia. Hayo ndiyo majina ya kanga zenu.

Allah atubarikie katika riziki ya halali na atujaalie ukweli katika mizani zetu. Amin.