Ukakamavu wa Nozeli Zilizoinama katika Historia ya Uchanganuzi wa Mkazo wa Mabomba

Awali, hesabu za mabomba kwa kawaida ziliichukulia nozeli, yaani shingo inayounganisha bomba na chombo cha shinikizo, kuwa kitu kisichosogea. Dhana hiyo ilirahisisha kazi, lakini ilikuza nguvu zilizokadiriwa bomba linapotanuka kwa joto. Katika miaka ya 1950, P. P. Bijlaard wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichanganua jinsi ganda la silinda linavyobonyea chini ya mzigo. Kazi yake ikawa msingi wa Taarifa Na. 107 ya Welding Research Council (1965), iliyohusu mikazo. Taarifa Na. 297 (1984) ikaongeza njia ya kukadiria ukakamavu, nayo ikaingizwa katika programu za kompyuta.

Hata hivyo, njia hiyo iliundwa kwa silinda zinazokutana kwa pembe mraba. Nozeli inapoinama, tundu la ganda hurefuka, na upande wa pembe kali hautendi sawa na upande wa pembe butu. Ukakamavu ukikadiriwa kupita kiasi, mabomba huongezewa mikunjo isiyohitajika. Ukipunguzwa, mzigo halisi kwenye mshono wa kulehemu hufichika. Kwa hiyo, nozeli hizo huhitaji ganda lenyewe lichanganuliwe kwa kugawanywa katika elementi ndogondogo, kwa kuwa programu hurithi mipaka ya nadharia iliyoizaa.