Utamaduni wa Usalama wa Mionzi

Istilahi ya utamaduni wa usalama ilizaliwa na ajali. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka Aprili 1986, wataalamu wanaolishauri Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki waliona kuwa hitilafu za mitambo pekee hazielezi msiba ule. Namna watu walivyofanya kazi ilichangia. Mwaka 1991 wakaifafanua: ni misimamo na tabia za taasisi na za watu wake zinazohakikisha kwamba suala la usalama linapewa uzito unaolistahili.

Kiswahili kingeweza kusema mazoea ya usalama. Lakini mazoea yana tabu, na ndiyo hatari yenyewe ya chumba cha eksirei. Mionzi haina harufu wala joto; anayeitumia kila siku huacha kuihofu, beji ya kuipimia ikasahauliwa kwenye droo. Utamaduni hurithishwa: anayeanza kazi leo humwiga aliyemtangulia, kwa jema na kwa baya.

Msomaji wa Kwale, pwani ya Kenya, aitenge mionzi hii ya eksirei na ile ya kilima cha Mrima cha huko kwao, itokayo kwenye thoriamu iliyomo mwambani, usiku na mchana. Mashine ya eksirei ikizimwa, mionzi haibaki chumbani.

Kanuni ndizo zinazouwekea utamaduni huu msingi. Nchini Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 iliunda mamlaka inayotoa leseni na kukagua, ikachukua nafasi ya sheria ya kinga dhidi ya mionzi ya 1982. Mkaguzi hutazama vinavyoonekana: leseni, kinga ya kuta, aproni ya risasi, kumbukumbu za beji. Zipo na namba: kwa viwango vya kimataifa, mfanyakazi asizidishe wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka 5, mtu wa kawaida, milisiveti 1.

Mgonjwa hakuwekewa kikomo cha namna hiyo, kwa kuwa picha moja yaweza kumwokoa. Kinachotakiwa ni sababu ya kweli ya kumpiga picha, na mionzi isiyozidi inayohitajika. Tuseme majeruhi wa bodaboda amepigwa eksirei ya paja Samburu ya Kwale, akapewa rufaa ya hospitali ya Msambweni, picha ikasahauliwa. Huko atapigwa upya. Hakuna kikomo kilichovukwa, hakuna beji itakayoonyesha kosa, na bado amepata mionzi isiyomfaa kitu.

Hapo ndipo kanuni hujenga utamaduni au huubomoa. Ikidai kila picha iliyorudiwa iandikwe pamoja na sababu yake, wahudumu watajifunza kutokana na makosa yao. Ikimwadhibu kila anayekiri, watajifunza kuficha, na mafaili yatakuwa safi. Kwa hiyo anayetaka kuupima utamaduni wa hospitali asiishie kwenye leseni iliyotundikwa ukutani. Aulize ni picha ngapi zilirudiwa mwezi uliopita, na kama aliyeuliza “Huyu hana picha nyingine?” alijibiwa au alinyamazishwa.